Kwa nini mikoa yenye pengo kubwa la kijinsia iko kimya mtandaoni?

Swali: "Ninaandika tasnifu ya uzamili. Nimekusanya machapisho yenye hashitagi za kutetea haki za wanawake kutoka mikoa yote ya nchi moja, na kila mkoa nimeupa alama kwa fahirisi ya usawa wa kijinsia (namba moja inayojumlisha vipimo kadhaa) niliyoitengeneza mwenyewe. Nilitarajia mikoa yenye hali mbaya ndiyo ipige kelele zaidi. Matokeo yamekuja kinyume: yenye usawa zaidi ndiyo inayoandika zaidi. Msimamizi wangu anasema basi nimethibitisha kwamba harakati za mtandaoni ni za wanawake walioshiba. Ni kweli? Au nimekosea kupima?"

Jibu:

Hujathibitisha hivyo, na msimamizi wako, pamoja na heshima zake zote, amekimbilia hitimisho kabla ya kukagua mizani. Hujakosea vibaya pia. Matokeo uliyoyapata ndiyo anayoyapata karibu kila mtu anayeanza na kazi hii, nikiwemo mimi.

Tuanze na fahirisi yako, maana hapo ndipo penye kazi. Hukusema umeweka nini ndani, lakini nadhani nikikisia sitakuwa mbali: elimu ya sekondari, ajira, viti vya uwakilishi, pengine na umiliki wa simu au akaunti ya benki. Ukavigeuza vyote viwe kati ya 0 na 1, ukajumlisha, ukagawa. Sasa fikiria: mwanamke aliyesoma, mwenye kipato chake na simu yake, ndiye huyohuyo anayeweza kuandika mtandaoni. Kinachoupandishia mkoa alama ndicho kinachompa mtu sauti. Umechota kisima kimoja kwa ndoo mbili, halafu unashangaa maji kufanana ladha.

Kwa hiyo jambo la kwanza, lolote linalohusu simu na intaneti litoke kwenye fahirisi. Lina mahali pake, nitalirudia. Lakini hata ukilitoa, elimu na kipato vitabaki, na hapo ndipo napenda kukaa kidogo, kwa sababu kasoro yenyewe imo kwenye kitendo cha kujumlisha na kugawa.

Chukua mikoa miwili ya kubuni. Wa kwanza, usawa wa elimu ni 0.95 (1 ikiwa ni usawa kamili), wa ujira 0.60, wa madaraka 0.25. Wa pili ni 0.60, 0.60 na 0.60. Piga hesabu: wastani wa yote miwili ni 0.60. Fahirisi yako inasema ni mapacha. Lakini katika mkoa wa kwanza, binti amesoma darasa moja na kaka yake, pengine amemshinda mitihani, kisha anakuta mlango wa ofisi umefunguliwa kwa kaka na kwake umerudishwa. Katika mkoa wa pili amebaki nyuma kila mahali kwa kiasi kilekile tangu utotoni. Mimi ningeweka dau langu kwamba hashitagi zitatoka mkoa wa kwanza. Mtu huchukia zaidi pale alipoahidiwa kitu na hakukipata kuliko pale ambapo hakuahidiwa chochote. Wastani umeifuta tofauti hiyo, na tofauti hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Mfano wa dunia halisi ni Korea Kusini. Mwaka 2021 fahirisi ya Umoja wa Mataifa ya ukosefu wa usawa wa kijinsia, ile ya UNDP (shirika lake la maendeleo) iliyoanza kutolewa mwaka 2010, iliiweka nafasi ya 15 kati ya nchi 170. Mwaka huohuo fahirisi ya pengo la kijinsia ya Jukwaa la Uchumi Duniani, iliyoanza mwaka 2006, iliiweka nafasi ya 102 kati ya nchi 156. Nchi ni ileile, wanawake ni walewale. Ya UNDP imebeba vifo vitokanavyo na uzazi na uzazi wa wasichana wa miaka 15 hadi 19, na kwa yote mawili Korea iko vizuri mno, kwa hiyo inapaa. Ya Jukwaa inatazama mishahara, vyeo na siasa kwa kulinganisha mwanamke na mwanamume, na hapo Korea inaanguka: pengo lake la mishahara, kama asilimia 31 mwaka huo, lilikuwa kubwa kuliko yote katika nchi za OECD (umoja wa nchi ambazo nyingi zimeendelea), na uchaguzi wa 2020 uliingiza wanawake 57 tu kwenye bunge la viti 300. Upande wa elimu, wasichana wanaotoka sekondari kwenda chuo kikuu wamekuwa wakiwapita wavulana kwa zaidi ya muongo mzima.

Na kelele zilikuwepo? Zilikuwepo, tena nyingi. Januari 2018 mwendesha mashtaka Seo Ji-hyun alikaa mbele ya kamera za taarifa ya habari akasimulia jinsi alivyoshikwashikwa na mkubwa wake wa kazi, na #MeToo ("mimi pia", hashitagi ya wanaosimulia unyanyasaji wa kingono) ikalipuka nchi nzima. Miezi michache baadaye makumi ya maelfu ya wanawake waliingia barabarani Seoul kupinga kamera za siri vyooni na vyumba vya kubadilishia nguo, maandamano yaliyopangwa mtandaoni. Ukitumia fahirisi moja utaandika kwamba usawa huzaa harakati. Ukitumia nyingine utaandika kwamba pengo huzaa harakati. Takwimu za machapisho hazijabadilika hata nukta. Ndiyo maana nakuambia usibishane na msimamizi wako juu ya mwelekeo wa mstari kabla hamjakubaliana mstari umechorwa kwa kipimo gani.

Ningekushauri uiache fahirisi ya jumla iende kwenye kiambatisho. Kwenye uchambuzi wenyewe, kila eneo lisimame peke yake: elimu, ujira, madaraka, muda wa kazi za nyumbani kama unazo takwimu zake. Kisha tengeneza kigezo kimoja zaidi, rahisi kabisa: usawa wa elimu toa usawa wa madaraka. Kwa mikoa yetu ya kubuni, wa kwanza unapata 0.70, wa pili 0. Hicho ndicho ningekilinganisha na wingi wa machapisho. Jaribu pia kuona kama uhusiano una umbo la kilima: kimya pale ambapo mwanamke hana kitu, kelele katikati, kisha kushuka tena pale madai mengi yalipokwisha kutimizwa. Ukilazimisha mstari ulionyooka upite juu ya kilima, utakudanganya.

Kuna uamuzi mwingine unaopaswa kuuandika wazi: unapima pengo au unapima hali? Mkoa ambao wasichana 20 kati ya 100 wamemaliza sekondari na wavulana 20 kati ya 100 pia, kwa kipimo cha pengo una usawa kamili. Mkoa wenye wasichana 90 na wavulana 95 unaonekana una kasoro. Hakuna kipimo cha uongo hapo, ila vinajibu maswali tofauti, na kuvichanganya ndani ya namba moja ni kosa la zamani. Fahirisi ya UNDP imelaumiwa kwa hilo: vifo vya uzazi havina upande wa wanaume wa kulinganisha nao, kwa hiyo nchi maskini inaadhibiwa kwa umaskini wake ndani ya kipimo kinachodai kupima jinsia. Watafiti wa Tume ya Ulaya walipoipima mikoa ya Umoja wa Ulaya mwaka 2019 walikwepa mtego kwa kutengeneza fahirisi mbili. Moja inapima mafanikio ya wanawake kwa kuwalinganisha na mkoa unaofanya vizuri zaidi, nyingine inapima wanawake wameachwa kiasi gani na wanaume wa mkoa wao wenyewe. Iga hilo. Ni ufundi mzuri na hauhitaji programu ya ajabu.

Ukishuka kutoka ngazi ya nchi hadi ya mkoa, namba nazo zinaanza tabia mbaya. Mkoa wenye viti 3 vya bunge ukimchagua mwanamke mmoja unaruka kutoka asilimia 0 hadi 33 kwa usiku mmoja, na uchaguzi ujao unarudi sifuri. Tumia madiwani badala ya wabunge, au wastani wa chaguzi kadhaa. Vifo vya uzazi usiviguse kabisa katika ngazi hiyo, tafiti za kaya haziwezi kuvikadiria kwa mkoa mmoja mmoja bila kuacha ukingo wa makosa mpana kuliko tofauti unayoitafuta. Na angalia uhamaji. Mkoa ambao vijana wa kiume wameondoka kwenda kutafuta kazi unabaki na wazee na wanafunzi upande wa wanaume, wengi wao hawana ajira. Ghafla wanawake wanaonekana wako sawa nao. Mkoa umepata alama kwa sababu wenye ajira wamehama, wala hakuna mwanamke aliyepata chochote.

Ukatili ni suala gumu zaidi, na nadhani utashawishika kuutia ndani, kwa kuwa ndio unaozungumzwa zaidi kwenye hashitagi zenyewe. Usitumie taarifa za polisi kama kipimo cha ukatili. Kwenda kituoni kushtaki ni kupaza sauti pia. Utakuwa unapima sauti kwa sauti. Tafiti za kaya ni afadhali, ila nazo zina jambo. Shirika la Haki za Msingi la Umoja wa Ulaya liliwahoji wanawake 42,000 na kutoa matokeo mwaka 2014. Waliosema wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono tangu wakiwa na miaka 15 walikuwa asilimia 52 Denmark, 47 Finland, 46 Sweden, na 19 Poland. Watu wamebishana sana juu ya namba hizo. Sehemu ya maelezo ni kwamba pale ambapo mwanamke hahukumiwi kwa kusema, anasema, hata kwa mhoji asiyemjua. Sidhani ni maelezo yote, lakini yanatosha kukuzuia kuzichukua namba hizo kama zilivyo.

Sasa upande wa pili wa mizani, yaani hizo kelele. Hapa nina shaka kubwa kuliko kwenye fahirisi, kwa sababu umeniandikia "machapisho" bila kusema umeyagawa kwa nini. Kama umegawa kwa idadi ya watu, tazama hesabu hii. Mikoa miwili, kila mmoja una wanawake 1,000,000. Wa kwanza una 400,000 walioko mtandaoni na machapisho 2,000. Wa pili una 50,000 mtandaoni na machapisho 500. Kwa idadi ya wanawake wote, wa kwanza unaongoza mara nne. Kwa wanawake walioko mtandaoni, wa kwanza una machapisho 5 kwa kila 1,000 na wa pili 10. Matokeo yamepinduka juu chini. "Wanawake walioshiba" wa msimamizi wako wameyeyuka kwa kubadilisha kigawanyo tu.

Hiyo ndiyo nafasi ya takwimu za intaneti niliyokuambia nitairudia: zikae chini ya mstari kama kigawanyo. Kwa ujumla wake pengo lipo. Ripoti ya mwaka 2024 ya GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati mwanamke ana uwezekano mdogo kwa asilimia 15 kuliko mwanamume wa kutumia intaneti ya simu. Namba za mkoa mmoja mmoja utazipata kwenye tafiti za kaya, au kwenye kurasa za matangazo za mitandao ya kijamii yenyewe, ambako ukijifanya unataka kutangaza unaonyeshwa makadirio ya wanawake na wanaume wanaoweza kufikiwa katika kila eneo. Watafiti wamekuwa wakikadiria pengo la kidijitali kwa njia hiyo kwa miaka sasa.

Hesabu akaunti, usihesabu machapisho. Akaunti tano za mashirika yenye ofisi mji mkuu zinaweza kutoa nusu ya machapisho ya mkoa mzima. Ukiangalia orodha yako kwa macho, bila programu, saa moja tu, utazijua: zinaandika asubuhi za siku za kazi, kwa lugha ya ripoti, na picha za warsha.

Na umejuaje chapisho limetoka mkoa gani? Kwenye Twitter, hata kabla haijaitwa X, machapisho yenye alama kamili ya mahali yalikuwa kama asilimia 1 au 2, na mwaka 2019 wenyewe wakaanza kuiondoa huduma hiyo. Waliobaki huwa tunawakisia kwa kile walichoandika kwenye wasifu wao. Aliyeandika jina la nchi tu, programu nyingi humtupa katikati ya ramani ya nchi. Mwaka 2016 ilibainika kwamba kampuni moja inayouza ramani za anwani za intaneti ilikuwa imezirundika anwani zaidi ya milioni 600 kwenye nukta moja ya Kansas, Marekani, kisa tu nukta hiyo iko karibu na kitovu cha nchi. Hapo pana shamba. Wenye shamba waliishi miaka mingi wakigongewa mlango na polisi na watu wenye hasira waliotafuta matapeli na watoto waliotoroka nyumbani. Kabla hujaandika chochote, utafute mkoa ulio katikati ya nchi yako kwenye data zako. Kama una wanaharakati kuliko kawaida, umeipata Kansas yako.

Halafu kuna sauti ambazo hazina hashitagi uliyoitafuta. China mwaka 2018, #MeToo ilipokuwa ikifutwa, watu walianza kuweka picha ya bakuli la wali na picha ya sungura: mi ni wali, tu ni sungura, ukitamka pamoja unapata kilekile. Aliyekusanya kwa herufi peke yake hakuona kitu, akaandika "kimya". Na kuna kinyume chake: Septemba 2022 jina la Mahsa Amini, mwanamke kijana aliyekufa akiwa mikononi mwa polisi wa maadili wa Iran, lilijaa mitandaoni dunia nzima wakati intaneti ya Iran yenyewe ikibanwa, na watu wengi wa nje ya nchi waliliandika. Wingi wa hashitagi na mahali pa maumivu vinaweza kutengana kwa maelfu ya kilomita. Usisahau pia makundi ya WhatsApp, ambako mengi yanasemwa na wewe hutayaona kamwe, na hupaswi kuyachungulia.

Njia moja ninayoipenda ya kuupima ukimya huo ni kulinganisha kusema na kutafuta. Google hutoa takwimu za maneno yanayotafutwa kwa mkoa, kwa kipimo cha 0 hadi 100, ambapo 100 ni mkoa wenye sehemu kubwa zaidi ya utafutaji wake ukihusu neno hilo. Kutafuta hakuna mashahidi. Mkoa ambao watu wanatafuta sana maneno ya unyanyasaji kazini lakini hawaandiki hadharani una uchungu, na una hofu juu yake. Angalizo: 0 humaanisha "chini ya kiwango cha kuonyeshwa", kwa hiyo mikoa midogo usiisome kama mikoa isiyojali.

Kuhusu takwimu zenyewe nitakuwa mfupi. Kama nchi yako ina mikoa 30, una mistari 30 ya data, hata kama machapisho ni milioni. Usirundike vigezo kumi kwenye mlinganyo mmoja. Endesha kila kitu mara mbili, pamoja na mji mkuu na bila mji mkuu. Na usichukue linalohusu mikoa ukadhani linahusu mtu mmoja mmoja. Mwanasosholojia William Robinson alionyesha mwaka 1950, kwa sensa ya Marekani ya 1930, kwamba majimbo yenye wazaliwa wengi wa nje yalikuwa na wasiojua kusoma wachache zaidi (uhusiano wa −0.53, kwa kipimo cha −1 hadi 1), ilhali mtu mmoja mmoja aliyezaliwa nje alikuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kutojua kusoma (0.12). Wahamiaji walikuwa wamekwenda kuishi kwenye majimbo ambako wenyeji wengi zaidi walijua kusoma. Kwa hiyo hata kama mikoa yako yenye usawa ndiyo inayoandika, hujui bado ni wanawake gani ndani yake wanaoandika. Neno "walioshiba" la msimamizi wako linadondokea hapo.

Limebaki suala la nini kimetangulia. Argentina, baada ya maandamano ya Ni Una Menos ("asipungue hata mmoja", ya kupinga mauaji ya wanawake) ya tarehe 3 Juni 2015, Mahakama Kuu ilianzisha rejesta ya taifa ya mauaji ya wanawake. Yaani harakati ndizo zilizozaa takwimu. Wachumi Ro'ee Levy na Martin Mattsson, waliochunguza nchi za OECD, walikuta taarifa za makosa ya kingono zikipanda kama asilimia 10 baada ya #MeToo, kwa sababu watu walianza kushtaki zaidi. Mtafiti akichukua takwimu za ukatili za 2018 na machapisho ya 2017 anaweza kugeuza mkokoteni ukamvuta punda. Vipimo vyako vya usawa viwe vya miaka iliyotangulia machapisho, vyote, bila ubaguzi.

Kama muda unaruhusu, kuna mpangilio safi zaidi. Tafuta siku moja ambayo habari moja iliifikia nchi nzima kwa wakati mmoja, kama ilivyokuwa usiku wa tarehe 15 Oktoba 2017, mwigizaji Alyssa Milano alipowaomba watu waandike "me too", maneno ambayo mwanaharakati Tarana Burke alikuwa akiyatumia tangu 2006. Kila mkoa ujilinganishe na wenyewe: akaunti za wiki mbili kabla, akaunti za wiki mbili baada. Ukelele wa kawaida wa mkoa, mji mkuu wake na mtandao wake mzuri au mbovu, vyote vinajifuta. Kinachobaki ni nani aliitikia zaidi alipoitwa, na hicho ndicho unachokilinganisha na ile tofauti ya elimu na madaraka.

Anza na kigawanyo. Ni kazi ya alasiri moja, na usishangae mstari wako ukilala au ukageuka kabisa. Kisha nitumie chati ya mikoa yako, elimu mhimili mmoja, madaraka mhimili wa pili, ukubwa wa duara uwe akaunti kwa kila wanawake 1,000 walioko mtandaoni. Nataka kuona maduara makubwa yameangukia kona ipi.